Neno Lililoandikwa Mbele ya Nambari ya Elia

Machimboni, Kyerwa
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Eunike,

Kabla hujasoma, geuza bahasha utazame nyuma. Ukikuta gundi imepasukapasuka kama uji uliokaukia kwenye mwiko, ujue kuna mtu amekusalimia kabla yangu. Weka barua chini, kumbuka imepita mikononi mwa nani, ndipo uendelee.

Haya, shikamoo dada. Mgongo wa baba unaendeleaje tangu mvua zianze? Mama bado anakataa kulala karibu na moto kwa kuogopa moshi? Na wanao, yule mdogo ameshaota meno? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila baridi ya vilima hivi haina huruma. Asubuhi ukungu hujaa bondeni hata wachimbaji wanaoshuka mashimoni wanatoweka mmoja mmoja, unabaki kusikia vikohozi tu.

Kifurushi cha senene kilifika. Nashukuru, lakini nina neno. Ulisema ulikifunga kwa jani la mgomba siku Mzee Tomasi alipopita hapo nyumbani. Tomasi huyu unamjua, ni yule mchuuzi wa Kibingo anayenunua ngozi na kahawa Nkwenda na kuzipeleka Bukoba. Alifika kwangu baada ya siku sita. Sasa niambie, jani la siku sita linakuwaje bichi? Nililishika, likanukia kama limekatwa jana. Nilimpa maji ya kunywa, nikamtazama vidole.

Najua utacheka useme Zakaria ni yuleyule, anashuku hata kivuli chake. Cheka, lakini habari uliyoniandikia si ya kucheka. Nimeisoma mara nne. Mdogo wetu Elia amekwenda boma kuomba kazi ya utarishi, amependwa kwa umbo na kwa adabu, kisha karani amefungua kipande chake, kile cheti cha kazi alichopewa huku machimboni, akasoma neno moja, akamrudishia kwa ncha za vidole. Na sasa Elia hali na wenzake. Anasema kahawa ikimaliza kukauka atavuka kwenda Uganda kwenye mashamba ya miwa, na kwamba tusimtazamie. Dada, sisi tumeona wangapi wamevuka hivyo kwa hasira? Mtoto wa shangazi alikwenda kwa msimu mmoja, leo mama yake anauliza habari zake kwa wapita njia.

Umeniuliza nani aliandika neno lile. Halafu ukaongeza kwamba Elia mwenyewe akiulizwa anajibu tu, "Muulizeni Zakaria." Jibu hilo limeniudhi. Mtu anayesema muulizeni fulani ana jambo analolificha. Huyu ndiye aliyeondoka hapa bila kuniaga, mimi kaka yake, nikasikia kwa watu kwamba ameonekana njia ya Nyabiyonza. Nyuma aliacha mkeka na chungu chake ndani ya kibanda, kama mtu anayekimbilia jambo. Nilisema moyoni: kuna mwanamke huko, au kuna pombe ya rubisi, au vyote viwili.

Lakini aliyeandika ni mwingine, na nadhani namjua. Kwanza nikueleze neno lenyewe, usije ukadhani ni tusi.

Kwetu mtu akiondoka kazini tunasema ameacha kazi, basi, na anayetaka kujua zaidi atauliza. Wazungu hawana subira ya kuulizana, wana neno kwa kila aina ya mgongo unaoondoka. Kuna anayeandikiwa "left". Huyo ameondoka, hakuna ugomvi, mlango uko wazi. "Stopped" ni yule aliyesimama tu, kama mvua, kesho anaweza kuanza tena. "Gave up" ni aliyeshindwa mwenyewe, moyo umelegea. "Discharged" hakuondoka, ameondolewa, ila kwa amani. "Resigned" ni neno la watu wenye viti, sijaona limeandikiwa mtu wa jembe. Alipita hapa Mmarekani mmoja mpima ardhi, yeye kila kitu alisema "quit", hata injini ya gari ikizimika, na bwana wetu wa machimbo alikuwa akikunja uso kila anapolisikia. Mwisho liko "deserted". Hilo lina harufu ya jeshi. Ni mtu aliyetupa bunduki akawaacha wenzake mbele ya adui. Na makarani wa boma siku hizi, tangu vita viishe, wengi ni askari waliorudi. Wakiliona hawaulizi la pili.

Hilo ndilo aliloandikiwa Elia.

Sasa sikiliza. Vipande vya wanaoondoka vinaandikwa na karani mkuu, Gervasi, mtu wa Bukoba, Mkatoliki. Mimi ni karani wa daftari tu. Tulikuwa tukikaa vizuri, tukishirikiana chai na kuchekeana mambo ya padri wake na mchungaji wangu. Tangu mwezi ule Elia alipoondoka, Gervasi amebadilika. Chai anakunywa peke yake. Nikiingia ofisini anafunga daftari la zamani, analitia kabatini na kuzungusha ufunguo. Mara mbili nimemkuta ananitazama na kutikisa kichwa. Mtu anayefunga daftari ukiingia ana kitu ndani yake. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotutangulia, na mimi nimekaa na huyu chumba kimoja miaka mitatu.

Kesho atapanda na bwana kwenda kukagua shimo jipya. Ufunguo wa kabati huwa anauacha chini ya kopo la wino, anadhani sijui. Nitafungua nione kwa macho yangu alivyomwandika mdogo wangu, kisha nitakwenda kwa bwana na ushahidi mkononi. Barua hii naiacha wazi hadi hapo.

Jumanne

Dada, nimefungua.

Nilianza kuandika ukurasa huu jana nikashindwa. Nitakueleza taratibu, na wewe usinionee huruma.

Hapa machimboni mtu hana jina. Anapewa kibati chenye nambari, na asubuhi nyapara anaita nambari, si watu. Mimi naandika nambari. Elia alipoajiriwa nilikuwa na homa, akaandikishwa na mwingine. Alikuwa 214. Niliwahi kukiona kibati chake, lakini nambari za watu mia tatu zinapita mbele ya macho kama siafu, hukumbuki yupi ni yupi.

Nikaupata ukurasa wa mwezi ule. Juu kabisa kuna nambari moja, na mbele yake limeandikwa "deserted". Chini yake kuna nambari kumi na sita nyingine, na mbele ya kila moja ni vile vinukta viwili vya kusema kama hapo juu. Kama hapo juu, kama hapo juu, mpaka chini. Ya tisa ilikuwa 214.

Herufi D ya lile neno ina mkia mrefu unaopinda chini ya mstari. Unaikumbuka D hiyo. Ndiyo aliyoisifu mwalimu wa misheni mbele ya darasa zima, na baba akawaonyesha wageni daftari langu mwaka mzima. Ni mkono wangu, dada. Gervasi hakuandika hata nukta moja.

Nilikaa chini nikaikumbuka asubuhi hiyo. Nyapara alikuja dirishani akasema watu kumi na saba hawapo, akataja nambari zao. Nikauliza wamefanya nini. Akasema, "Wameniwekea majembe mlangoni." Basi. Nyapara ni Mnyambo wa huku kwetu, aliniambia jambo ambalo mtoto wa kwetu wa miaka sita angelielewa. Nani huweka jembe chini kwa pamoja na wenzake? Si mfiwa? Babu alipofariki si tulikaa siku nne hakuna aliyegusa udongo, hata mama alipoona magugu yanaisonga migomba? Lakini mimi nilikuwa nimevaa viatu, nimekalia kiti, na bwana alikuwa chumba cha pili. Sikuuliza kafa nani. Nilifikiri ni majembe ya kampuni yametelekezwa, nikatafuta neno la Kiingereza linaloendana na jambo zito hivyo. "Left" niliona ni dogo, la mtoto wa shule. Nikachagua kubwa. Ukweli ni kwamba nilifurahi kupata nafasi ya kuliandika.

Nikiwa bado nimeshika daftari, Gervasi akaingia. Ukungu ulikuwa mzito, bwana alikuwa amekatiza safari. Nilidhani atapiga kelele. Alifunga mlango nyuma yake, akaketi, akaniuliza kama sasa nimetosheka kulisoma.

Nikamwambia sikujua kwamba 214 ni Elia. Kisha akasema, "Mimi nilidhani ulijua. Nikasema, mtu akimkana ndugu yake kwa mwandiko mzuri hivi, mimi wa pembeni nimwambie nini?"

Ndiyo maana ya ile chai, dada. Ndiyo maana ya kutikisa kichwa. Miezi yote hii nilikuwa namshuku, na yeye alikuwa ananishuku mimi, na kati yetu mwenye haki ya kushuku alikuwa yeye. Kuhusu daftari, alikuwa akilifunga kwa sababu aliona aibu kwa niaba yangu.

Na liko lililoniuma zaidi. Wale kumi na sita walirudi siku ya tano, na Gervasi, kwa kuwa alijua walikuwa msibani, aliwaombea kwa bwana wakaandikwa upya, na jambo likaisha. Elia alikawia wiki mbili. Aliporudi mimi nilikuwa nimetumwa kambi ya pili, ng'ambo ya bonde. Gervasi akamwandalia kipande chake cha kuondokea, akafika kwenye lile neno, akasita. Alitaka kuweka "left". Halafu akasema moyoni: hili ni shauri la watu wa tumbo moja, kaka yake ana sababu yake. Akalinakili kama lilivyo. Kwa mgeni angelibadilisha. Kwa kuwa alikuwa ndugu yangu, aliliacha.

Nilimuuliza nani alikufa. Akaniambia ni Bagonza, kijana wa Nyabiyonza, kingo za shimo zilimfunika. Wenzake walimbeba kwa machela hadi kwao. Nilikumbuka kulisikia jina, dada. Niliandika mbele ya nambari yake siku moja kabla, na neno la huyo halikunisumbua kulichagua.

Jumamosi

Niliomba ruhusa nikaenda Nyabiyonza kwa miguu. Bado nilikuwa na kijiwe cha shaka rohoni, nakiri. Kumzika rafiki ni siku nne. Wiki mbili ni za nini? Nilikwenda nikimtafuta yule mwanamke niliyembuni.

Mwanamke nilimkuta. Ni mama yake Bagonza, mjane, mfupi, anapalilia kahawa iliyopandwa katikati ya migomba. Nilimwamkia, akaniketisha, akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akanitilia kiganjani kabla hajaniuliza natoka wapi. Nilipojitaja akaacha kutafuna.

"Wewe ndiye karani?" akasema. "Elia nilimwambia arudi kazini mapema asije akapoteza kazi. Akanijibu, mama usiogope, kaka yangu ndiye anayeshika daftari."

Nilitazama kahawa mkononi mwangu.

Alinieleza mengine bila kunitazama usoni. Elia na Bagonza walikuwa wamechanjiana. Unajua inavyofanywa, japo kanisani tunajifanya hatujui: tunda moja la kahawa, punje zake mbili, kila mmoja anaipaka yake damu ya chale ya tumboni mwake, anammezesha mwenzake. Waliochanjiana hivyo, mmoja akifa mwingine anakuwa mtoto wa nyumba ile. Bagonza hakuwa na kaka. Kahawa ilikuwa imeiva mtini na hakuna wa kuichuma. Elia alikaa akaichuma yote, akaianika, akaezeka upya paa la jikoni, ndipo akaaga. Kuniambia mimi hakuthubutu, kwa kuwa mimi ndiye ninayesimama kanisani kusoma masomo na ningempeleka kwa mchungaji. Na ni kweli, ningempeleka. Tafadhali mwalimu wa kanisa hapo nyumbani asilisikie. Elia amefukuzwa mahali pamoja, inatosha.

Kwa hiyo, dada, lile "muulizeni Zakaria" halikuwa la kuficha. Alikuwa anasubiri niulizwe.

Jana niliingia kwa bwana. Gervasi alikuja nami bila kuombwa, akasimama karibu na mlango. Nilieleza kila kitu isipokuwa habari ya kuchanjiana, nikasema walikuwa ndugu, na sikusema uongo. Bwana alisikiliza akichezea kiko chake. Alisema karani asiyejua neno si hatari, hatari ni anayelijua na hajauliza lilitokea nini. Kisha akaniambia nilete kalamu nyekundu. Daftari halifutwi. Nililipiga neno langu mstari mmoja, bado linasomeka chini yake, na D yake na mkia wake, na atakayelifungua miaka ijayo ataliona. Pembeni bwana akaandika kwa mkono wake kwamba hawa waliondoka kwa maziko. Baadaye akaniambia nisiketi tena ofisini. Kuanzia Jumatatu niko kwenye mizani, kule chini wanakooshea mchanga wa madini ya bati. Sina lawama. Gervasi aliniletea kikombe cha chai nilipokuwa nakusanya vitu vyangu, tukanywa pamoja.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi ya pili, yenye mhuri. Ni barua ya bwana kwa boma. Inasema kwamba 214, jina lake Elia, aliondoka kwenda kuzika, akarudi, na kwamba tabia yake ni njema. Lile neno jingine halimo. Aiambatishe na kipande chake. Sijui kama boma wamekwisha kumchukua mtu mwingine. Sijui hata kama barua itamkuta, maana ulisema ataondoka kahawa ikimaliza kukauka, na jua la huko likiwa kama la huku, siku zimebaki chache. Mzuieni. Baba ajifanye mgonjwa, mama ampe kazi ya kuezeka, hata ikiwa paa halivuji. Kijifurushi hiki kingine ni kahawa ya mama yake Bagonza, anasema ni ya mwanawe.

Nisalimie baba na mama, na ukimsomea baba barua hii usiruke mahali pa D. Msalimie shemeji, na watoto wote, na shangazi anayesubiri wapita njia, na mama mkwe wako aliyeniambia zamani kwamba mtu wa kushuku watu hujikuta mwenyewe mwisho wa njia. Nilimwona ana kisirani. Mwambie namwamkia kwa magoti.

Mimi mdogo wako,
Zakaria

Nimekumbuka la jani. Nilimuuliza Tomasi leo, uso kwa uso. Mvua iliwakuta njiani, jani lako likaoza, akakata jingine kwenye shamba la mtu karibu na Nkwenda, akazifunga senene upya zisiloane. Ndilo hilo tu.

Na ile habari ya gundi niliyoanzia, iache. Bahasha hii sikuibandika kabisa. Tomasi anashuka Bukoba kesho akipitia kwenu, na anayekwenda Uganda hupita njia hiyohiyo. Nimemwambia akikutana na Elia njiani amezungusha mkeka begani, asingoje kufika kwako, ampe palepale asome yote tangu juu. Dada, kama gundi ingekuwepo, Elia angedhani ni siri nyingine inayopita juu ya kichwa chake.